Moyo na Nusukaputi: Yawapasayo Kuyajua Ahli wa Mgonjwa



Ndugu wasomaji, katika wiki mbili hizi nimepokea maswali matatu yanayokaribiana, na kwa kuwa yakaribiana nimeona bora niyajibu mahali pamoja. La kwanza limetoka kwa binti ambaye baba yake, mzee wa miaka 68, amepangiwa kupasuliwa tezi dume. Mzee ana sukari na presha, na jamaa zake wamegawanyika: wengine wasema aache dawa zake zote wiki nzima “ili damu isafike”, na wengine wasema upasuaji wenyewe uachwe kwa kuwa moyo wake hautastahimili. La pili ni la mtu aulizaye iwapo dawa ya usingizi huingia katika hukumu ya vileo. La tatu, ambalo ndilo lililonikaa zaidi, ni la kijana ambaye mama yake alitoka katika chumba cha upasuaji akiwa mzima, akazungumza na wanawe, akanywa uji, kisha akafariki usiku wa siku ya pili. Sasa mtaani hupita maneno kwamba jirani fulani aliyekwenda kumtazama hospitali ndiye “aliyemfunga moyo”.

Nitangulize kusema kwamba mimi si tabibu. Elimu yangu ni ya chuoni, na haya niyaandikayo nimeyakusanya katika maandishi ya wataalamu na kwa kuwauliza wanaoifanya kazi hii. Yachukueni kama msaada wa kuwauliza madaktari wenu maswali yaliyo sawa, wala si badala ya madaktari hao.

Tuanze na moyo wenyewe. Watu wengi hudhani kwamba moyo, kwa kuwa umejaa damu saa zote, hujilisha humo humo, mfano wa samaki asiyehitaji kutekewa maji. Sivyo. Moyo huletewa riziki yake na mishipa yake mahususi, inayochipuka penye shina la mshipa mkuu na kuuzunguka kwa nje kama taji. Ibn al-Nafis, tabibu aliyesoma Damascus na kufanya kazi Cairo hata akafariki mwaka 1288, aliliona jambo hili. Katika sharhi yake ya anatomia ya Ibn Sina alimpinga bwana mkubwa huyo waziwazi, akaeleza kwamba chakula cha moyo hakitoki katika damu iliyomo vyumbani mwake bali katika mishipa iliyopenya mwilini mwake. Hayo aliyasema miaka mia saba na zaidi iliyopita, nasi tungali tukistaajabu tukiambiwa kuwa mtu aliyejaa damu aweza kufa kwa moyo kukosa damu.

Mishipa hiyo ina mambo mawili ambayo mtu akiyashika, yaliyosalia humwelea. La kwanza ni kwamba upande wa kushoto wa moyo, ambao ndio usukumao damu mwili mzima, hupokea sehemu kubwa ya riziki yake wakati wa mapumziko, katika ule upenyo mfupi baina ya pigo na pigo. Moyo ukienda mbio, upenyo huo hupungua. Kazi huzidi na mlo hupungua kwa pamoja. La pili ni kwamba misuli mingine ya mwili huacha sehemu kubwa ya hewa safi iliyomo katika damu ipite zake, na ikihitaji zaidi huchukua zaidi. Moyo hauna akiba hiyo. Hata mtu akiwa ameketi barazani, moyo wake umekwisha kuchukua takriban asilimia 70 ya oksijeni iliyoletwa. Ukitaka zaidi hauna budi kuletewa damu zaidi, na kama mishipa imeziba kwa mafuta ya miaka mingi, damu hiyo haiji.

Sasa tazama yampatayo mtu aliye juu ya kitanda cha upasuaji. Dawa ya usingizi ikiingia, mishipa ya mwili hulegea na presha hushuka. Ikishuka mno, msukumo wa kuifikisha damu katika mishipa ya moyo hupungua. Dakika chache baadaye daktari hupitisha mpira kooni ili mgonjwa apumuliwe, na hapo mwili, ijapokuwa umelala, hugutuka, presha ikapaa na mapigo yakaenda mbio. Kisha kisu hukata na damu hupotea, na damu ndiyo ibebayo oksijeni. Chumba kina baridi na mgonjwa hana nguo za kumtosha. Akizinduka hutetemeka, na kutetemeka huko kwaweza kuongeza mahitaji ya mwili maradufu na zaidi. Baadaye huja maumivu, na maumivu huamsha homoni zile zile zimwamshazo mtu aliyekutana na chui njiani. Damu nayo, kwa kuwa mwili wajua umejeruhiwa, huwa nyepesi kuganda, jambo ambalo lafaa penye jeraha na lina hatari ndani ya mshipa mwembamba wa moyo.

Haya si mapya. Wazee wetu waliiita dawa hiyo nusukaputi, na jina lenyewe lina harufu ya khofu. Khofu hiyo ilikuwa na sababu. Etha ilionyeshwa hadharani Boston mwezi wa Oktoba 1846, na mwaka uliofuata James Young Simpson wa Edinburgh akaeneza klorofomu. Haikupita hata miezi mitatu, tarehe 28 Januari 1848, msichana wa miaka 15 aitwaye Hannah Greener, karibu na Newcastle huko Uingereza, alivutishwa klorofomu ili ang’olewe ukucha wa mguu, akafa papo hapo. Ukucha tu! Madaktari walibishana kwa miaka mingi ni nini kilichomuua. John Snow, daktari aliyefanya kazi ya usingizi kwa uangalifu kuliko wenzake wa zama zile, alikuwa miongoni mwa walioshikilia kwamba klorofomu huweza kuusimamisha moyo. Ilipofika mwaka 1911, Goodman Levy alionyesha kwa kuwachunguza paka kwamba klorofomu kidogo ikikutana na homoni ya mfadhaiko huufanya moyo utikisike ovyo pasipo kusukuma damu. Kwa maneno mengine, mgonjwa aliyelazwa nusunusu huku akiogopa ndiye aliyekuwa hatarini zaidi.

Klorofomu imekwisha kuachwa, na kifo cha mezani kimekuwa nadra mno katika hospitali zilizo na wataalamu na vyombo. Mtaalamu wa usingizi wa leo hamdungi mgonjwa sindano akaenda zake kunywa chai. Hukaa kichwani pake tangu mwanzo hadi mwisho, akitazama mapigo, presha, oksijeni na umeme wa moyo, na mkononi ana dawa za kupandisha na za kushusha. Mimi huona ajabu kwamba jamaa hulijua jina la daktari mpasuaji na kulitaja katika dua, ilhali huyu aliyeushika uhai wa mgonjwa wao hata jina hawamuulizi.

Ama hatari imehama. Haiko tena juu ya meza. Iko wodini, katika siku mbili tatu za mwanzo, wakati jamaa wamekwisha kushukuru na simu zimekwisha kupigwa kwamba “operesheni imekwenda salama”. Wataalamu wakiongozwa na P. J. Devereaux wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walifuatilia watu 15,065 wenye umri wa miaka 45 na zaidi, waliofanyiwa upasuaji usio wa moyo katika nchi mbalimbali, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Walipima damu zao kutafuta troponini, ambayo ni protini ya ndani ya misuli ya moyo isiyotoka kwa wingi isipokuwa misuli hiyo imeumia. Wanane katika kila 100 walikutwa mioyo yao imeumia kwa kukosa damu. Miongoni mwa hao walioumia, karibu 10 katika kila 100 walifariki kabla ya siku 30, na miongoni mwa wasioumia alifariki kiasi cha mmoja katika 100. Tena, na hili ndilo la kushikwa, takriban 84 katika kila 100 ya walioumia hawakuhisi dalili yoyote ya moyo. Hawakushika kifua. Hawakulalamika.

Kwa nini wasihisi? Kwa sababu wamepewa dawa kali za kutuliza maumivu, wengine wangali na usingizi, na dalili nyinginezo kama kichefuchefu, jasho na uchovu hudhaniwa kuwa ni za upasuaji. Mwenye sukari ya muda mrefu huenda hata bila ya dawa hizo asihisi, kwani maradhi hayo hudhoofisha mishipa ya fahamu.

Hapa namjibu yule kijana. Mimi siwezi kusema ni nini kilichomuua mama yako, kwani hakuchunguzwa na si haki yangu kukisia. Ninaloweza kusema ni kwamba kifo cha usiku wa pili baada ya upasuaji uliokwenda vyema ni jambo lijulikanalo na madaktari ulimwenguni kote, lina sababu zaidi ya moja, na moyo ulioumia kimya ni mojawapo ya zilizo kubwa. Jirani aliyekuja na chupa ya uji hakuhitajiwa katika jambo hilo. Mwende mkamwombe radhi kama neno limekwisha kumfikia, na kama halijamfikia, lizimeni lisimfikie.

Kipimo hicho cha troponini ni cha damu kidogo tu. Miongozo ya madaktari wa Kanada ya mwaka 2017 yashauri wagonjwa wenye hatari wapimwe kila siku kwa saa 48 hadi 72 baada ya upasuaji, na ya Ulaya ya mwaka 2022 yashauri wapimwe kabla, kisha saa 24 na saa 48 baadaye. Kwetu hakipimwi kila hospitali, na kina gharama. Lakini ahli wanaweza kuuliza: “Mzee wetu ana sukari na presha, je, moyo wake utapimwa baada ya upasuaji?” Swali hili halimtusi daktari. Ikibainika kuwa moyo umeumia, zipo hatua za kuchukuliwa: kutafuta kilichosababisha, kurekebisha presha na upungufu wa damu, kumweka mgonjwa mahali pa uangalizi, na kumpa dawa kama statini na aspirini zikimfaa. Utafiti mmoja wa mwaka 2018 ulionyesha pia kwamba dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo dabigatran ilipunguza matatizo ya mishipa kwa wagonjwa wa namna hii.

Msomaji aweza kuuliza: kama ni mapigo ya moyo kwenda mbio, si apewe tu kila mtu dawa ya kuyapunguza? Swali zuri, na madaktari walilijaribu. Kulikuwa na mtafiti mashuhuri wa Rotterdam ambaye mwaka 1999 alichapisha kazi yake juu ya wagonjwa 112 tu, iliyoonyesha kwamba vidonge vya jamii ya betabloka huukinga moyo kwa kiasi cha kushangaza. Wengi wakaifuata. Mwaka 2008 ukatoka utafiti mkubwa wa watu 8,351, uitwao POISE. Waliopewa metoprolol saa chache kabla ya kupasuliwa walipatwa na mshtuko wa moyo kwa uchache kuliko wenzao, naam. Lakini waliopatwa na kiharusi walikuwa maradufu, na waliokufa walikuwa wengi zaidi: 3.1 katika 100 kwa 2.3. Moyo ulikingwa, mtu akafa kwa presha kushuka. Yule mtafiti wa Rotterdam naye, tafiti zake za baadaye zilipochunguzwa hazikuonekana za kutegemewa, na mwaka 2011 chuo kikamwachisha kazi kwa kuvunja uaminifu wa kielimu. Aspirini nayo ilijaribiwa mwaka 2014 kwa watu 10,010. Haikupunguza vifo wala mishtuko ya moyo, bali iliongeza kutoka damu. Nimeyataja haya kwa wale wanaompa mgonjwa kidonge cha jirani usiku wa kuamkia upasuaji, kwa kuwa “kilimsaidia fulani”.

Lakini mtu asiyachanganye mambo. Kuanza betabloka asubuhi ya upasuaji ni jambo moja, na kuiacha ghafula kwa mtu aliyeizoea ni jambo jingine, nalo ni baya vile vile. Mwili uliozoea kushikwa hatamu, hatamu zikiachiwa ghafula huenda shoti. Kwa hiyo, ewe binti uliyeniandikia, hao wanaosema mzee aache dawa zake zote ili damu isafike wamekosea, na wakosea katika jambo la uhai. Dawa za moyo za jamii hiyo, na statini za kupunguza mafuta ya damu, kwa kawaida huendelezwa hadi asubuhi yenyewe kwa funda la maji. Zipo dawa nyingine ambazo husimamishwa: baadhi ya vidonge vya presha huweza kuachwa siku moja kabla, vidonge vya sukari vya jamii ya dapagliflozin na empagliflozin huachwa siku tatu, insulini hupunguzwa kwa hesabu, na za kuyeyusha damu zina hesabu yake kwa kila mtu. Ni nani wa kupambanua? Ni daktari, tena kwa kidonge kimoja kimoja. Mchukulieni mfuko mzima wa dawa, mzimwage mezani pake, naye aandike: hiki endelea, hiki acha tarehe fulani, hiki kianze tena tarehe fulani.

Kuhusu wale wasemao upasuaji uachwe: hilo nalo lina mizani yake. Mtaalamu wa usingizi atamuuliza mzee mambo ambayo huenda yakaonekana ya kipuuzi, kama vile iwapo aweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kusimama kuvuta pumzi. Si upuuzi. Mtu awezaye hivyo, moyo wake una nguvu ya kutosha kwa upasuaji mwingi. Asiyeweza, si lazima akataliwe, lakini hutazamwa zaidi. Tangu mwaka 1999 madaktari hutumia pia hesabu ya mambo sita: ukubwa wa upasuaji wenyewe, maradhi ya mishipa ya moyo, moyo kushindwa kazi, kiharusi kilichopita, sukari inayotibiwa kwa insulini, na figo zilizodhoofika. Kila moja likiongezeka, hatari huongezeka. Aliyepatwa na mshtuko wa moyo karibuni hushauriwa angoje siku 60 au zaidi kama upasuaji si wa dharura, na aliyewekewa waya wa kuuzibua mshipa wa moyo hungoja kwa muda atakaopangiwa na daktari wake wa moyo, ambao aghalabu ni miezi kadhaa. Kungoja kwa sababu ni tiba. Ama kungoja kwa khofu, hadi tezi imezuia mkojo na figo zimeharibika na upasuaji umekuwa wa usiku wa manane, huko ni kuuchukua upasuaji ule ule na kuuongezea hatari.

Sasa nije kwenye mambo ambayo mgonjwa huyaficha. Yaniwia uzito kuyasema katika jarida linalosomwa na familia nzima, lakini kunyamaza ni kuzito zaidi.

Wapo wazee na vijana wanaokula miraa na muguka kila siku, na wakiulizwa na daktari mbele ya wake zao husema “la hasha”. Miraa hupandisha presha na mapigo na huibana mishipa ya moyo. Madaktari wa Yemeni, ambako huitwa qat, wameandika tangu mwaka 2005 juu ya uhusiano wake na mshtuko wa moyo kwa walaji wa kupindukia. Mtaalamu wa usingizi asiyejua atayaona mapigo yakipaa asijue yatokako. Wapo pia wanaume wanaomeza vidonge vya nguvu za kiume, na hakuna ajuaye, pengine hata mke. Vidonge hivyo vikikutana na dawa za jamii ya naitreti ambazo hutolewa moyo unapobanwa, presha huanguka kwa namna ambayo ni vigumu kuiinua. Nawashauri madaktari na wauguzi wetu wawaulize wagonjwa maswali haya wakiwa peke yao. Na wewe mgonjwa, kama umezungukwa na watoto, omba watoke. Daktari si kadhi. Hakuulizi ili akuhukumu.

Kadhalika mitishamba. Kitunguu saumu cha kumezwa kwa wingi kama dawa huchelewesha damu kuganda, na baadhi ya dawa za chupa zinazouzwa sokoni hakuna ajuaye kilichomo. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wameshauri dawa za miti ziachwe wiki mbili kabla ya upasuaji. Tangawizi iliyomo kwenye chai yako haina neno. Tunalozungumza ni kikombe cha dawa cha kila asubuhi. Na sigara, aachaye wiki kadhaa kabla hupata faida kubwa, lakini hata siku moja ina maana, kwani moshi hubandika katika damu hewa ya sumu inayochukua nafasi ya oksijeni, na hewa hiyo huondoka kwa saa chache mtu akijizuia.

Liko pia neno “kufunga”. Muuguzi akisema “usile kuanzia usiku”, wengi wetu huelewa kama saumu: daku ya nguvu, kisha kinywa kikavu hadi operesheni, hata ikicheleweshwa hadi alasiri. Matokeo yake ni mzee aliyekauka, ambaye dawa ya usingizi ikimwingia presha yake huporomoka. Kanuni inayofuatwa na wataalamu ni kwamba chakula chepesi, na chai ya maziwa imo humo, huachwa saa sita kabla. Nyama na vya kukaanga huachwa saa nane. Ama maji matupu au chai kavu huruhusiwa hadi saa mbili kabla, isipokuwa kwa wagonjwa ambao daktari amewakataza kwa sababu maalumu. Ulizeni saa kamili ya mwisho ya maji, mwiandike. Na ikiwa ni mwezi wa Ramadhani, mgonjwa ana ruhusa yake ya kufungua iliyo wazi katika Qur’ani, atalipa siku nyingine. Asiingie katika upasuaji na kiu ya saumu akidhani ameongeza thawabu.

Nimjibu hapa na yule aliyeuliza juu ya vileo. Mas’ala haya si mageni kwa wanachuoni. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imamu Nawawi na wengineo walilijadili suala la mtu anayehitaji kunywa dawa ya kumwondolea fahamu ili akatwe kiungo kilichooza, nao wakaijuzisha. Nusukaputi ni katika mlango huo: yatolewa kwa haja, kwa kipimo, na mjuzi. Hali kadhalika dawa za maumivu zitolewazo baadaye. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewaona wazee wetu, wanaume kwa wanawake, wakikataa sindano ya maumivu wodini ati wasubiri. Subira haimtaki mtu aufanye moyo wake ukimbie usiku kucha. Akiulizwa “maumivu yakoje?” naye yamemzidi, aseme yamemzidi.

Baada ya upasuaji, kazi ya jamaa ni ndogo lakini yahitaji macho. Mgonjwa afunikwe. Mwaka 1997 huko Baltimore, utafiti wa wagonjwa 300 ulionyesha kwamba waliopashwa moto vyema walipata matatizo ya moyo kwa uchache sana kuliko walioachwa na baridi: 1.4 kwa 6.3 katika kila 100. Si lazima kuzidisha. Utafiti mkubwa wa mwaka 2022, wa watu zaidi ya 5,000, haukuona faida ya kumfikisha nyuzi 37 kuliko nyuzi 35.5 maadamu hakuachwa apoe zaidi ya hapo. Blanketi moja safi kutoka nyumbani, kwa idhini ya wauguzi, latosha. Na kama upasuaji ni wa kupoteza damu nyingi, watafuteni wachangiaji mapema, msingoje mpaka mgonjwa amelala mezani.

Mgonjwa asiinuke ghafula kwa ajili ya sala. Ameruhusiwa kusali akiwa ameketi, na asiyeweza kuketi husali akiwa amelala. Asiyeweza kugusa maji hutayamamu. Mzee anayekurupuka alfajiri ya siku ya kwanza kwenda kutawadha, kichwa kikamzunguka, presha ikashuka, akaanguka, hajatimiza alilokuwa nalo na amejitafutia jingine.

Wageni wapunguzwe. Najua ni aibu kwetu kumzuia mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa, na kumzuru mgonjwa kuna ujira wake. Lakini watu kumi na wawili kuzunguka kitanda, na sahani ya pilau, na habari ya nani kafa wiki hii, si ziara hiyo iliyosifiwa. Achaguliwe mtu mmoja mwenye akili timamu, akae naye saa 72 za mwanzo kwa zamu na mwenziwe, na kazi yake iwe kutazama. Akiona pumzi zimekuwa fupi, jasho la baridi, mapigo yanaenda mbio, mzee anasema yasiyoeleweka au amelegea kuliko jana yake, amwite muuguzi pale pale, na kama hakuja amfuate alipo. Asiambiwe “ni dawa tu hiyo” akaridhika kabla hajaona presha imepimwa na mtu.

Na siku ya kutoka hospitali, kabla hamjalipa wala kuita gari, ulizeni tena ule mfuko wa dawa. Wagonjwa wengi husimamishiwa vidonge kabla ya upasuaji na hakuna awaambiaye waanze lini. Hukaa mwezi mzima bila dawa ya presha wakidhani wamepona. Ombeni maandishi: kipi kianze leo, kipi kianze baada ya wiki, na mzee arudi kliniki tarehe ngapi. Karatasi hiyo ibandikwe jikoni, mahali ambapo kila anayempikia ataiona.